Ikelenge, kwa Mjusi Mwenye Kondo

Ukitoka Mwinilunga kwenda Ikelenge, pembe ya kaskazini-magharibi kabisa ya Zambia, barabara hukatiza msitu wa miombo na kupita vibanda vya mananasi. Usivipite bila kununua. Mananasi ya huku ni matamu mno. Mbele kidogo miti hukoma ghafla na dambo kujitandaza: bonde la nyasi lenye ardhi chepechepe hata kiangazi kinapopamba moto. Zambezi huanzia nchi hii safari yake ya kilomita 2,574 hadi Bahari ya Hindi. Vuka mwinuko kidogo tu, na mvua ile ile inateremkia Kongo, hadi Atlantiki.

Wengi huja kupiga picha kwenye chemchemi ya Zambezi, kisha huondoka. Wanakosa mengi. Dambo linataka mtu atulie, hasa asubuhi wakati umande unakauka, mijusi inapotoka kuota jua.

Mmoja alikuwa juu ya kishungi cha nyasi zilizolala: mwili mnene wa hudhurungi wenye milia, magamba yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta, tumbo limetuna. Ni *Trachylepis ivensii*, aliyepewa jina la mpelelezi Mreno Roberto Ivens mwaka 1879. Makao yake ni Angola, kusini mwa Kongo na pembe hii ya Zambia.

Huyu hatagi, anazaa. Mijusi wanaozaa wapo wengi, ila wengi wao hutegemea kiini cha yai kulisha watoto tumboni. Yai la huyu lina milimita 1 hivi. Kiini chake si chochote. Mwaka 2012 Alexander Flemming na Daniel Blackburn, wakichunguza vielelezo vya makumbusho, walieleza jinsi tishu za mtoto zinavyopenya ukuta wa mji wa mimba na kuizunguka mishipa ya damu ya mama. Mama hulisha mimba yake karibu kwa kila kitu, kwa kondo, kama wanyonyeshao.

Nikiitazama ardhi ile iliyolowa, naona faida yake: mayai yangefukiwa wapi yasizame? Mama huyabeba matumaini yake juani, akihama maji yakipanda. Basi dambo likikaushwa kwa mifereji ya mashamba, ndiye anayepoteza kila kitu.

Njoo Mei, mvua zikishakwisha. Tafuta mwenyeji Mlunda akuongoze, maana yeye ndiye ajuaye pa kukanyaga.