Sisi Wawili Kabla ya Siku za Giza

Ndugu zetu walioko Uvira na Fizi hutuuliza mara nyingi kwa simu: "Huko kwenu twasikia jua halitoki. Je, mnaishije?" Swali hilo ni la haki. Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika amezoea kuona jua likichomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, bila tofauti kubwa. Sisi, mume na mke, twakaa Tromsø, mji wa kisiwani ulio kaskazini sana katika Norway, kilometa 350 hivi kupita mstari wa Aktiki. Twapenda kuwaeleza maisha yetu ya kila siku katika majira haya ya kupukutika majani, wakati joto limekwisha na theluji haijashuka. Ndipo kazi za nyumbani zinapokuwa nyingi, na ndipo mwaka huu tulipopaswa kukata shauri zito.

Nuru inavyopungua

Tulifika hapa mwezi wa Novemba mwaka 2008, pamoja na watoto wetu watatu, tukitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika Tanzania. Siku chache baadaye jua likapotea. Katika mji huu jua halichomozi tangu tarehe 27 Novemba hivi mpaka katikati ya Januari. Si giza tupu, maana wakati wa adhuhuri huja mwanga wa rangi ya samawi kwa saa chache, kama ule wa alfajiri. Halafu usiku hurudi. Kinyume chake, tangu tarehe 20 Mei hivi mpaka tarehe 22 Julai jua halizami hata kidogo, na watoto hucheza mpira nje usiku wa manane.

Kati ya nyakati hizo mbili nuru hupungua upesi: dakika kumi hivi kila siku, yaani saa moja na zaidi kila juma. Mwezi wa Agosti mtu hashtuki sana, kwa kuwa nuru ingali nyingi. Mwezi wa Septemba huanza kuhesabu. Tarehe 22 au 23 ya mwezi huo mchana na usiku hulingana kila mahali duniani, siku hiyo huwapigia simu wazee wetu Uvira, tukawaambia: "Leo jua letu na jua lenu ni sawasawa." Wao hucheka. Sisi twajua kwamba kuanzia kesho yake wao watatushinda.

Hata hivyo baridi ya hapa si kali kama wengi wanavyodhani. Mkondo wa maji ya vuguvugu hutoka upande wa Marekani, huvuka bahari ya Atlantiki na kupita pwani ya Norway. Kwa sababu hiyo bahari yetu haigandi, na merikebu huingia bandarini mwaka mzima. Jambo gumu kwa mgeni ni giza kuliko baridi.

Kazi za Septemba

Katika nchi hii kuna desturi ya kale, iliyotiwa katika sheria mwaka 1957, kwamba kila mtu aweza kutembea porini na milimani hata kama ardhi si yake, maadamu haharibu kitu. Hivyo sisi nasi twapanda mlima na ndoo zetu. Mwezi wa Agosti huiva matunda madogo ya rangi ya manjano yaitwayo multe, ambayo wenyeji huyathamini kama dhahabu na huficha mahali yanapoota hata kwa jirani. Halafu huja matunda meusi yanayotia ulimi rangi, na mwishoni yale mekundu machungu kidogo, yanayoliwa pamoja na nyama. Majani ya miti hugeuka manjano kwa siku chache tu. Upepo mmoja mkali ukija, yote huanguka.

Nyumbani mke huyapika matunda kwa sukari na kuyatia katika chupa. Mume huenda ufukoni jioni na ndoano yake kuvua sei, samaki wa kijivu anayekaribia mwambao. Hapo twakumbuka ndagala wetu, ingawa sei mmoja aweza kushiba ndagala mia. Mwezi huo huo kondoo waliokuwa wakilisha milimani tangu majira ya joto hurudishwa bondeni, na nyama yao huuzwa kwa bei nafuu. Wenyeji huipika pamoja na kabeji na pilipili manga, chungu kizima kwa saa nyingi. Tuliijaribu, tukaipenda, lakini sisi twaila na ugali.

Kisha kuna kuni. Nyumba hapa hupata joto kwa umeme unaotokana na maji ya mito, lakini mwenye jiko la chuma la kuni hulitunza vema, maana dhoruba yaweza kukata umeme. Kuni zafaa kupasuliwa mapema na kupangwa pasipo mvua, maganda yakitazama juu. Jirani mmoja mzee ndiye aliyetufundisha kupanga. Alipoona rundo letu la kwanza hakusema neno. Alilibomoa taratibu, akalipanga upya mbele yetu, halafu akaomba kahawa.

Tangu tarehe 16 Oktoba magari ya huku kaskazini yaruhusiwa kuvaa magurudumu yenye misumari midogo kwa ajili ya barafu. Nasi twatoa sandukuni makoti mazito, soksi za sufu, na vile vibandiko vinavyong'aa vinapopigwa na taa za gari, ili dereva amwone mtu gizani. Wenyeji wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Twaukubali, isipokuwa siku za upepo.

Desturi tulizojiwekea

Tungewadanganya ninyi wasomaji kama tungesema kwamba maandalizi ni chakula na kuni tu. Majira yetu ya kwanza ya baridi mke alikosa usingizi majuma mengi. Alikuwa akikaa dirishani saa nane za usiku akifikiri ni asubuhi. Mume alirudi kutoka kiwanda cha samaki amechoka, akala, akalala, wala hakutamka maneno kumi. Hakuna aliyemkosea mwenziwe. Ukimya uliingia nyumbani kama baridi inavyoingia chini ya mlango. Watoto wakaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Daktari alitueleza jambo ambalo kila familia inayohamia kaskazini yafaa kulijua. Mwili wa mtu huijua saa kwa njia ya nuru, na nuru ikikosekana, usingizi na moyo huvurugika. Tena ngozi nyeusi yahitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe ili mwili ujipatie vitamini D. Basi kuanzia Septemba sote twanywa kijiko cha mafuta ya maini ya samaki kila asubuhi. Wenyeji husema yanywewe katika kila mwezi wenye herufi "r" katika jina lake, yaani Septemba mpaka Aprili. Ladha yake hatutaisifu.

Zaidi ya hayo tulijiwekea desturi tatu. Ya kwanza, siku ya mapumziko twatoka nje adhuhuri, wakati wa ule mwanga mdogo, hata kama mvua yanyesha. Ya pili, chakula cha jioni chaliwa pamoja, mshumaa ukiwaka mezani, simu zikiwa chumba kingine. Ya tatu, kila mmoja hueleza jambo moja la siku yake, hata dogo. Mume aliona hili ni jambo la watoto wa shule. Siku moja akasimulia juu ya samaki aliyemtoroka mikononi na kuteleza mpaka miguuni pa msimamizi. Tukacheka mpaka machozi. Tangu hapo hajakosa la kueleza.

Shauri la mwaka huu

Mwezi wa Agosti mwaka huu mtoto wetu wa mwisho alikwenda Trondheim kusoma. Wakubwa wake wawili wako Oslo, zaidi ya kilometa 1,000 kusini mwetu, ambako jua huchomoza kila siku ya mwaka. Wametupigia simu zaidi ya mara moja: "Baba, Mama, mwabaki huko kwa nini? Njooni huku kabla giza halijaingia." Nyumba yetu sasa ina watu wawili. Meza ina viti vitano.

Mume aliona kwamba watoto wamesema kweli. "Mama Riziki," alisema, "miaka ile tulikuwa watano, na hata hivyo giza lilikulemea. Mwaka huu je, nikiwa kazini na wewe peke yako?"

Mke hakujibu upesi. Yeye hufanya kazi katika nyumba ya wazee. Baada ya siku mbili alimjibu kwa kisa. Miongoni mwa wazee anaowahudumia yumo bibi mmoja aliyezaliwa Finnmark, mkoa wa kaskazini zaidi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1944, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma, yaliteketeza nyumba, shule na makanisa ya Finnmark, na watu wapatao 50,000 wakahamishwa kwa nguvu. Wengine walijificha mapangoni majira yote ya baridi. Bibi huyo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alifika Tromsø kwa mashua pamoja na mama yake. Kila mwaka majani yanapoanguka hurudia hofu ile, akauliza usiku kama mashua imekwisha kuja. Wauguzi vijana humwambia vita vimekwisha. Mke wetu wa Uvira hakumwambia hivyo. Yeye huketi, humshika mkono na kusema: "Imekuja, nasi tumo ndani pamoja." Ndipo bibi hulala.

"Baba Riziki," alisema mke, "nikiondoka sasa, nani atamjibu Novemba?"

Mume alinyamaza, lakini ukimya huo haukuwa ule wa mwaka wa kwanza. Tulizungumza jioni nyingi. Tulihesabu fedha, kodi za nyumba za Oslo na mishahara yetu. Tulifikiri pia juu ya parokia yetu. Kanisa letu ni la mbao, lilijengwa mwaka 1861, nalo ni kanisa kuu la askofu, ingawa ni dogo kuliko makanisa mengi ya parokia huko Kivu. Kila Dominika hukutana humo Wafilipino, Wapolandi, Wanorwe na sisi Wakongo, na baada ya Misa hakuna anayekwenda zake bila kikombe cha kahawa. Mtu mzima hapati jamaa kama hiyo mara mbili kwa urahisi.

Basi tumepatana hivi: tutakaa majira haya ya baridi. Mume ameomba kazini apewe zamu ya asubuhi mpaka Januari, na amekubaliwa, ili jioni asikose mezani. Mke ameahidi kwamba usingizi ukimtoroka atamwamsha mume, wala hataketi dirishani peke yake. Jua likirudi tutalizungumza jambo hili upya, na aliye na hofu atasikilizwa kwanza. Watoto wameridhika nusu. Twafikiri nusu yatosha kwa sasa.

Tarehe 21 Januari hivi jua huonekana tena juu ya milima ya kusini mwa mji, kwa dakika chache tu. Siku hiyo watoto wa shule hutolewa nje kulilaki, na watu wote hula maandazi ya mviringo yenye jamu ndani. Chupa kumi na mbili za matunda zimekwisha kupangwa kabatini, na kuni zipo chini ya ukuta, maganda yakitazama juu. Viti vitatu vya watoto tumeviacha mezani. Wakija Noeli watavikuta.