Kuanza Upya Ukiwa Bibi

Akina mama wenzetu, sisi wa Samuye tumezoea kutazama safari za wengine. Barabara ya Shinyanga kwenda Tinde inapita hapa kwetu, na kutoka Tinde malori huelekea Isaka na Kahama, hadi Rwanda na Burundi. Mwaka 2015 nasi tulifunga safari. Mwenzetu kanisani, aliyeolewa hapa, alipata habari kuwa mama yake anaumwa. Tukabeba michembe na karanga, tukapita Nzega na Tabora hadi Ulyankulu.

Wengi wetu tulijua Ulyankulu kwa ajili ya kwaya ya Barabara ya 13. Tulikuta mashamba ya tumbaku, mihogo na maharage. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji nchini Burundi. Walikabidhiwa pori, wakalilima.

Bibi alitupokea kwa Kirundi, “Amahoro!” kisha kwa Kisukuma, “Mwadila!” Tukacheka, safari ikawa nyepesi. Tulipompima, presha ilikuwa juu. Dawa alikwisha kuziacha. Ndipo akatueleza kinachomnyima usingizi.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliambiwa wachague: kuomba uraia wa Tanzania au kurudi Burundi. Wengi waliomba uraia, na mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 walipewa uraia, vyeti vikaanza kutolewa. Bibi naye alipata chake, amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alibaki kwa sababu amezika watoto wawili Ulyankulu. Lakini dada yake, akikaribia miaka sitini, alirudi.

Huko dada alikuta familia nyingine katika shamba la baba yao. Wale nao walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamezaa na kuzika. Wajukuu wake waliozoea Kiswahili walihangaika shuleni. Kwa miezi mingi alikaa mlangoni tu, hana shamba wala wa kuongea naye. Siku moja mama wa ile familia nyingine akamletea mbegu za maharage katika ungo. Hawakuzungumza habari za mpaka siku hiyo. Walipanda. Mwaka uliofuata shamba likagawanywa, na hao wawili wakawa majirani.

Naomi naye alirudi kwao Bethlehemu akiwa mzee na mwenye uchungu, lakini hakurudi peke yake.

Basi, ukiwa na mzazi anayehama, kwanza mwulize yeye anataka nini. Usimwamulie kama mzigo. Hakikisha amebeba kadi ya kliniki na dawa za kutosha. Akifika, usimketishe kitako kama mgeni. Mpe jembe, mpe tuta lake, mpeleke kanisani akutane na wa rika lake.

Na sisi tunaopokea wageni? Tuliporudi Samuye tulimkuta mama mmoja mzee, amehamia kwa mwanawe tangu kiangazi. Tulikuwa tukimpita kila Jumapili. Jumapili ile tulisimama, tukamsalimia, tukampa michembe iliyobaki.