Koti lenye ngome begani

Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru inaposhuka, meza za mitumba za Kilombero, Levolosi, hujaa makoti. Mzazi anayemtoa mtoto kwenda shule saa kumi na mbili asubuhi anajua kwa nini.

Kwenye meza moja lipo koti zito la mtoto, lina mabaka ya kijani na kahawia. Begani imeshonwa nembo ya ngome yenye minara mitatu. Mama anakagua zipu, anapekua mifuko, anauliza bei. Bei ni nzuri. Mwanawe wa miaka saba anataka kujua nani anaishi kwenye ile nyumba.

Ngome hiyo ni alama ya wahandisi wa Jeshi la Marekani, wajenzi wa madaraja na maboma, tangu mwaka 1840. Kaulimbiu yao ni ya Kifaransa, Essayons, yaani "tujaribu". Wenzao wa Uingereza, Royal Engineers, wana bomu linalowaka ndimi 9 za moto na neno la Kilatini Ubique, "kila mahali", walilopewa na Mfalme William wa Nne mwaka 1832.

Nembo unaifumua kwa wembe, dakika tano imetoka. Mabaka hayafumuliki. Kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu kinamkataza raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo bila kibali, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Wapo wanaosema, "Huyu ni mtoto tu." Bora shilingi hizo zinunue sweta.

Mama anachukua sweta la bluu, kubwa kidogo ili lifike mwakani. Litafuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. La mtumba halivaliwi siku hiyo hiyo, hata baridi ikizidi.

Wanarudi kwa njia ya Kaloleni, kwenye Mnara wa Mwenge unaokumbuka Azimio la Arusha la 1967. Mama anamweleza kuwa Mwenge wa Uhuru uliwekwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 na mwanajeshi, Luteni Alexander Nyirenda, na kwamba umo pia kwenye ngao ya Taifa, pamoja na shoka, jembe na mkuki.

"Na ngome?"

Ngome haimo. Mtoto anainua shingo, anautazama mnara tena, kisha anaomba avae sweta sasa hivi.