Namna Tulivyobadilisha Motere ya Trekta ya Bustani



Wengi wametuuliza njiani na hata mezani wakati wa kula: "Ile trekta ndogo, mulifanya nini mpaka inalia tena?" Wengine wanasema shule imenunua mupya. Hapana. Ni ile ile ya zamani. Motere ndiyo iliyobadilika. Tunaandika ukurasa huu ili kila mtu ajue namna kazi ilivyokwenda, na juu ya nini tulibishana sana mbele ya kuianza.

Trekta yetu ni ya magurudumu mawili. Mtu anatembea nyuma yake akishika mikono yake miwili, sawa mtu anayesukuma toroli, nayo inavuta jembe. Ilifika hapa mbele ya sisi kuzaliwa. Rangi imekwisha, jina la kiwanda halisomeki tena. Lakini sanduku lake la vitesi ni zima, meno yake yote yapo. Motere yake ya esansi ndiyo iliyokuwa imekufa.

Ikifa trekta, nani anateseka? Ni sisi wa internat. Shamba la mihogo na mahindi liko nje ya mji, upande wa Bangboka. Bila trekta, wakati wa kulima tunashika majembe siku mbili kila juma, na masomo ya asubuhi yanapotea. Wenzetu wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo jambo hili halikuwa mchezo wa wanamekanika tu.

Maneno yalikuwa matatu. Wa kwanza walisema: tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma, wanaopima kwa kilo. Wa pili: tungojee piesi za asili, kwa sababu trekta yenye motere nyingine si trekta ile tena. Wa tatu: tutie motere nyingine leo leo. Papa Fundi, anayetufundisha garajini, aliwanyamazisha wote. "Batoto," alisema, "mutu akianguka, munamuzika mbele ya kumupima?"

Basi tukapima. Tulitoa buji, tukaweka kidole gumba juu ya tundu lake, mwenzetu akavuta kamba. Motere nzima inasukuma kidole kwa nguvu. Yetu ilipuliza kidogo tu, kama mzee anayezima taa. Tukafungua. Silinda ilikuwa imelika upande mmoja mpaka ikawa mviringo kama yai, na mkono wa pistoni ulikuwa na ufa. Piesi hizo tulizitafuta sokoni kwa wauzaji wengi. Hakuna aliyekuwa nazo. Ndipo wa kwanza wakafurahi, wakidhani wameshinda.

Lakini Papa Fundi alitupeleka kwenye beach, tuangalie baleinière zinazotia nanga. Mashua hizo za mbao zinapanda na kushuka mto kati ya Kisangani na Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 hivi. Nyingi zinatumika na motere ya mazutu ya pistoni moja iliyotengenezwa China. Mwenye mashua mmoja alituambia kwamba yake imekwisha kubadilishwa motere mara tatu, na abiria bado wanaiita jina lile lile. Wa pili wakacheka, wakakubali.

Tulipata motere ndogo ya esansi ya China inayoitwa 168F. Namba hiyo inasomeka: 1 ni silinda moja, 68 ni upana wa silinda kwa milimeta. Ina sentimeta za kubiki 163 na nguvu za farasi 5 na nusu, karibu sawa na ya zamani. Umbo lake linafuata motere za Honda za aina ya GX, zilizotoka Japani katika miaka ya 1980. Kwa sababu hiyo piesi zake ziko kila mahali.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuingiza motere si kufunga bulo nne tu. Kuna maswali matatu.

La kwanza: inazunguka upande gani? Katika motere ya zamani, nguvu haikutoka kwenye vilbreke, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ilitoka kwenye shafti inayofungua supapu. Shafti hizo mbili zilishikana kwa meno, kwa hiyo moja ikienda kuume nyingine inakwenda kushoto. Motere mupya inatoa nguvu kwenye vilbreke yenyewe. Tungeifunga mahali pale pale, trekta ingerudi nyuma kila tunapotaka iende mbele! Dawa yake ni nini? Shikeni gurudumu la toleka, mulizungushe, mulitazame upande huu, kisha mupite upande wa pili. Mutaona limegeuka, na hakuna aliyeligusa. Nasi tuliigeuza motere, shafti yake ikatazama kuume. Kwa bahati njema, shafti ya sanduku la vitesi ilitokea pande zote mbili. Ya kuume ilifunikwa na kofia ya bati. Tukaondoa kofia, tukahamisha puli na mukanda.

La pili: inazunguka mara ngapi? Shafti ya supapu inakwenda nusu ya mwendo wa vilbreke. Ya zamani ilikuwa na mizunguko 1,500 kwa dakika, puli ya sentimeta 16, ikavuta puli ya 24. Piga hesabu: 1,500 mara 16, gawanya kwa 24, ni 1,000. Motere mupya tuliirekebisha kwenye 3,000, ingawa inaweza kufika 3,600. Ili tupate 1,000 ile ile, puli yake inapaswa kuwa ya sentimeta 8. Tungeacha ile ya 16, trekta ingekimbia mara mbili, na mtu anayeshika mikono angekokotwa kama mbuzi.

La tatu: shafti ina unene gani? Kuna za milimeta 20, na kuna za 19.05, ndiyo robo tatu ya inchi. Jicho halioni tofauti, lakini puli inaiona: inacheza, kisha inakata ufunguo wake. Tulipima kwa kalibri, ndipo tukampelekea fundi turneri namba iliyoandikwa.

Neno kwa watakaoishika baada yetu: motere hizi zinauzwa bila mafuta ndani. Mutie desilita 6 mbele ya kuvuta kamba hata mara moja. Mumwage mafuta ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, na tena kila saa 100. Filtre ya hewa muisafishe, kwa sababu vumbi yetu nyekundu inakula silinda. Pengine ndiyo iliyoua ile ya kwanza.

Motere ya zamani hatukuiuza kwa kilo. Iko juu ya meza garajini, imefunguliwa, kila piesi na jina lake. Juma hili shamba lililimwa kwa mchana mmoja, na darasa la hesabu halikukosa mtu.

Wadogo wetu mutakaotaka kujifunza, mukuje Jumatano baada ya masomo, kila mmoja na daftari na penseli. Nyundo tunazo.

Wanafunzi wa mwaka wa nne, mekanika