Macho Chimala, Mwili Mbeya

Najua nimepotea. UE zilinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa humu. Sasa zimeisha, sapu sitaki hata kuzitaja, ngoja niwape kisa cha kile kidude mlichokuwa mnaniuliza pale hosteli.

Basi bwana, mama yangu mdogo ana steshenari Chimala, kando ya barabara kuu, ile ambayo malori ya Zambia yanapita usiku na mchana. Anatoa fotokopi, anachapa barua, na msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo ukifika madogo waliomaliza form six wanajaa mpaka kibarazani. Kompyuta yake ni moja tu, mtumba. Ikigoma, duka limefunga.

Na ilikuwa inagoma kweli. Kila umeme ukikatika na kurudi, simu inaita. "Mama mdogo, shikamoo." "Marahaba baba. Limekufa tena." Namwambia anisomee kilichoandikwa kwenye kioo, ananisomea herufi mojamoja, nje lori linapiga honi, mteja anauliza bei ya bahasha, mimi huku sielewi kitu. Mara inasema haioni diski ya kuwakia. Mara imewaka vizuri ila tovuti zote zinakataa kufunguka. Mara mbili nilipanda Coaster: Uyole, Inyala, Igurusi, nashuka Chimala na jasho langu, nakuta kompyuta imeshawaka yenyewe inanicheka. Nauli imekwenda na kipindi nimekosa.

Mtaniuliza, si ungeweka programu ya kuingia kwa mbali? Niliweka. Shida ni kwamba programu ya namna hiyo inaishi ndani ya Windows. Windows isipowaka, nayo haipo. Nilichotaka ni jicho linalokaa nje ya kompyuta, lione kile anachokiona mama mdogo kuanzia sekunde ya kwanza, hata yale maandishi meupe kwenye weusi.

Bumu lilipoingia nikajilipua. Vitu vyenyewe ni hivi: Raspberry Pi 4, kigawanyi cha HDMI, na kinasa picha kidogo kama flashi. Waya wa HDMI unatoka kwenye kompyuta unaingia kwenye kigawanyi. Upande mmoja unakwenda kwenye kioo cha mama mdogo kama kawaida, upande wa pili unaingia kwenye kinasa, na kinasa kinachomekwa kwenye USB ya Pi. Kwenye boksi kimeandikwa 4K, msidanganyike, kinachotoka ni 1080p. Kwenye Pi niliweka uStreamer, programu ya bure ya hawa jamaa wa PiKVM. Kazi yake ni kuchukua picha na kuzitoa kwenye ukurasa wa kivinjari.

Hapo nikakutana na visiki viwili. Cha kwanza, rauta ya duka inatumia laini ya simu, na laini za simu kwa kawaida zinagawana anwani moja ya nje watu wengi, kwa hiyo huwezi kuigongea hodi kutoka Mbeya. Nikaweka Tailscale pande zote mbili. Yenyewe inafanya kila upande utoke nje kumtafuta mwenzake, halafu mazungumzo yanafungwa kwa WireGuard. Cha pili ni bando. Picha zinatumwa nzimanzima, kwa hiyo zinakula. Nikashusha mpaka picha 2 kwa sekunde. Kila moja kama kilobaiti 60, piga hesabu, ni zaidi ya megabaiti 400 kwa saa. Inakwenda kama kobe lakini inasomeka.

Ningeweza kuongeza na kibodi ya kubonyeza kwa mbali, Pi 4 inaweza kujifanya kibodi. Nikaacha. Nikasema macho yangu, vidole vyake.

Siku ya 4 umeme ukakatika. Ulivyorudi nikafungua ukurasa, nikiwa nimekaa kitandani na kikombe cha chai. Jamani! Nikaona kila kitu kwa dakika 2. Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi Januari 2012. Mpangilio wote wa kuwaka umefutika, inaanza kutafuta kwenye flashi kabla ya diski, na pembeni pale kuna flashi ya mteja imesahauliwa. Ndiyo maana siku nyingine inawaka na siku nyingine haiwaki! Na tovuti zilikuwa zinakataa kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe. Kompyuta inayoamini tupo 2012 inaona cheti cha juzi hakijazaliwa bado. Ile programu yangu ya kuingia kwa mbali nayo ilikuwa inakwama hapohapo.

Ugonjwa wote ule ulikuwa betri. Ile ndogo ya duara ya CR2032, volti 3, inayokaa kwenye ubao ndani. Mama mdogo alinunua kwa shilingi 2,000, akachomoa waya wa umeme kwanza nikimsimamia kwa simu, akaibandua ya zamani kwa ukucha. Halafu akarekebisha tarehe na mpangilio, mimi nikiangalia kwenye picha na kumwambia shuka chini mara 3, bonyeza hapo. Bumu zima kugundua betri ya 2,000. Chekeni tu.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Kile kidude nilikiacha kinawaka. Sikukusudia baya lolote, nilisahau tu, na ukurasa ulikuwa wazi kwenye laptop yangu. Jioni moja nimetoka kula, nafungua laptop, nakuta mama mdogo anaandika barua. Niliisoma kabla sijajua kwamba naisoma. Ilikuwa kwa mwenyekiti wa VICOBA yao. Anaomba mkopo. Dhamana: mashine ya fotokopi. Sababu: ada ya mtoto wa dada yangu.

Mtoto wa dada yangu ni mimi.

Nilifunga laptop kama imeniunguza. Wiki ile ile alikuwa ameniambia, "Ada usiwaze baba, ipo." Na mimi nilikuwa nimemwambia vifaa vile nimeazima chuoni. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tumedanganyana, ila mmoja wetu alikuwa na dirisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawaza na wale madogo wa mikopo: namba za NIDA, majina ya wazazi, vyeti vya vifo vya baba zao, vyote vinapita kwenye kile kioo na mimi nimelala huku navitazama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi nasoma kompyuta. Lakini nisiwaongopee, kilichoniuma si sheria.

Asubuhi nikapiga. Shikamoo, marahaba, nikasema yote, ya bumu na ya barua. Akanyamaza mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Halafu akasema, "Mimi nilijua kile kidude kinaona nikikupigia tu." Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu.

Jumamosi nikaenda Chimala. Tukakiunganisha kile kidude kwenye swichi yake peke yake, juu ya meza, karibu na mkono wake. Mteja akiwa na karatasi zake, kimezimwa. Akitaka nimwone, anawasha, anapiga simu, tukimaliza anazima na mimi naona picha inakatika. Barua ya VICOBA ilikuwa imeshapelekwa, hilo hakutaka tulijadili. Nimemwambia bumu lijalo linakwenda kwenye marejesho. Akasema, "Tutaona."

Kwa hiyo wadau, mkitaka mchoro wa waya njooni chumbani niwaelekeze, ni rahisi. Ila swichi ikae upande wa mwenye kompyuta. Na kabla ya yote, badilisheni betri.

Nisiwachoshe. Nawasilisha.