Umoja hadi Kilimani, Kilomita 14

Hesabu yangu ilikuwa rahisi, na ilikuwa mbaya. Nauli ya kutoka Umoja hadi tao ilikuwa 80 asubuhi, kisha 50 nyingine kufika Kilimani. Jioni vivyo hivyo. Hiyo ni 260 kwa siku isiyo na mvua, kwa sababu mvua ikinyesha Nairobi makanga hupandisha bei kabla hujafungua mwavuli. Kwa siku 22 za kazi, 5,720. Nilikuwa nimepata mkataba wa kuandikia ofisi fulani maneno ya matangazo kwa 28,000 kwa mwezi, tena zikichelewa. Yaani moja ya tano ya pesa yangu ilikuwa inaishia kwa kiti chenye spika chini yake.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023, mwezi ambao lita ya petroli Nairobi ilifika 211, miezi miwili na kitu baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kila mtu mtaani alikuwa anapiga hesabu. Jirani yangu wa ploti alianza kutembea hadi Industrial Area. Mimi nilinunua baiskeli.

Ilikuwa ya mtumba, nyeusi, yenye gia 18 ambazo 5 ndizo zilikuwa zinafanya kazi. Nililipa 9,500, chini ya nauli ya miezi miwili. Niseme mapema kwamba mambo ya mazingira na afya hayakuniingia kichwani. Sikuwa naokoa dunia. Nilikuwa naokoa 5,720.

Mama hakufurahi. Yeye amekulia Busia, na huko baiskeli ina historia yake. Ndiko boda boda zilikotoka: miaka ya 60, vijana wakibeba watu na mizigo mpakani kati ya Kenya na Uganda, wakiita abiria wa kupelekwa boda hadi boda. Zilikuwa baiskeli hizo. Nduthi zilikuja baadaye sana. Kwa mama, blakmamba ni kitu cha babu, cha kupelekea mahindi kusagwa na mgonjwa hospitalini. Ukisoma, unaiacha nyuma. Na mimi sikumaliza kusoma. Nilitoka chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana. Kwa hivyo nilipomtumia picha yangu na baiskeli, hakuona usafiri. Aliona ushahidi.

“Sasa ndio umeamua kurudi nyuma kabisa?” aliniuliza kwa simu.

Sikuwa na jibu, na kesho yake nilikuwa na kazi saa mbili.

Wacha nikupe njia yenyewe. Kutoka Umoja unatokea Outering, ambako kuna njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, ila kufikia saa kumi na mbili na nusu wenye nduthi na wauza mitumba wameshagawana. Ukiingia Jogoo Road, njia inakwisha na imani inaanza. Matatu zikikuta jam zinapanda kando, pale pale ulipo. Landhies Road, karibu na Muthurwa na Marikiti, unajikuta katikati ya mikokoteni ya viazi na vitunguu. Wasukuma mkokoteni ndio watu wa kwanza Nairobi walionisalimia barabarani kama mwenzao. Halafu unapita chini ya Expressway, ile ya 2022, ambayo baiskeli, nduthi na mtu wa miguu hawaruhusiwi kuikanyaga. Sisi tunapewa kivuli chake. Kisha mlima wa Haile Selassie hadi Community, na mwishowe Ngong Road, yenye leni ya baiskeli ya kweli ambayo mtu ameegesha gari juu yake.

Wiki ya kwanza kila kitu kiliuma. Mapaja, mgongo, makalio, hata viganja. Na maneno pia. Ukiwa msichana juu ya baiskeli Jogoo Road, kila makanga ana mchango. “Madam, pandisha gia!” “Siste, mwenye gari alikuacha?” Siku za kwanza nilikuwa najibu. Baadaye niligundua kwamba jam ikikaza, ninapita matatu ile ile iliyonicheka, abiria wake wakiwa wamebandika nyuso dirishani, na hakuna jibu linaloshinda hilo.

Jasho lilikuwa kesi nyingine. Nilijifunza kuondoka saa kumi na mbili kamili kabla jua halijachacha, kubeba blauzi ikiwa imekunjwa kama chapati ndani ya mfuko wa plastiki, na kujifuta kwa taulo yenye maji kwenye choo cha ofisi kabla wengine hawajafika. Shida ilikuwa getini. Soja alinisimamisha siku ya kwanza akasema parking ni ya magari pekee, agizo la wenye jengo. Nikamwamkia, nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Malaba.

“Mzee, basi wewe unajua baiskeli kuniliko.”

Alicheka. Kumbe aliendesha boda ya baiskeli miaka minane kabla ya kuja Nairobi. Aliishika baiskeli yangu usukani, akabonyeza breki, akatikisa kichwa.

“Mami, hii breki ya nyuma ni ya kuombea tu.”

Aliikaza mwenyewe kwa spana ya kuazima, akanionyesha nafasi nyuma ya jenereta. Tangu siku hiyo baiskeli ililala hapo na agizo la wenye jengo likabaki kwa magari.

Pancha zilikuja kwa msimu. Tairi zikichomwa barabarani wakati wa maandamano, huacha waya nyembamba kama nywele, na waya hizo hukaa kwa lami hata moto ukishasahaulika. Nilipata pancha tatu kwa wiki mbili. Fundi mmoja wa Makongeni alikuwa anatoa tiubu, anaichovya kwa karai la maji, anasubiri povu lionyeshe tundu, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni, anabandika kiraka. Shilingi 50. Mara ya nne nilimwomba anifundishe. Akaniambia nikishajua atakosa mteja, kisha akanifundisha.

Februari nilianguka. Nilikuwa naelekea nyumbani, karibu na Hamza, mwendo wa polepole kando kabisa ya lami, matatu ikapanda kando kukwepa jam na kunigonga usukani kwa ubavu wake. Haikusimama. Nilianguka upande wa mtaro. Mama wa mahindi choma alinimwagia maji kwenye goti, vijana wa steji wakainua baiskeli na kunyoosha usukani kabla hata sijasimama vizuri. Kliniki waliniambia mkono umeteguka, haujavunjika. Nililipa 1,800, na nikapewa wiki tatu za kutoendesha.

Mama alipiga simu usiku. “Uliacha chuo. Sasa unataka kuacha na miguu?”

Hizo wiki tatu nilipanda matatu, nikalipa zile 260, na nikawaza sana. Kilichoniogopesha zaidi ya gari ni jinsi nilivyokuwa tayari kusema, basi, imeisha. Niliijua hiyo sauti. Chuoni, ukikosa karo ya muhula mmoja, potali inakufungia: hakuna kusajili masomo, hakuna mtihani. Mlango ni mmoja na ukifungwa umefungwa. Nimeishi miaka kadhaa nikidhani kila kitu kimejengwa hivyo, kwamba ukikosa hatua moja, zote ulizopiga zinafutwa.

Baiskeli haijui mambo ya potali. Wiki ya nne mkono ulipopoa, ilikuwa pale pale ukutani, na vumbi kidogo. Kilomita nilizoziendesha hazikuwa zimefutwa. Miguu ilikumbuka mlima wa Haile Selassie. Nilijaza upepo, nikaondoka.

Lakini sikurudi vile vile, na hapa nakuomba msomaji tusidanganyane na habari za “moyo wa chuma”. Moyo hauzuii matatu. Nilibadilisha mambo madogo. Nilinunua helmeti na taa ya nyuma. Jogoo Road jioni niliiacha. Ikifika saa kumi na mbili na kiza kinaingia, nashuka na kusukuma pale penye msongamano mbaya. Mvua kubwa ikinyesha, napanda matatu bila kujihukumu. Kwa mwezi wa kawaida naendesha siku 14 au 15. Zile zilizobaki ni sehemu ya mpango.

Na kuna yale ambayo si ya kwangu kubadilisha. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa injini, inayosema angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Nimeisoma sera hiyo, kisha nimeiendesha Jogoo Road. Mtu akikuambia uendeshe kwa uangalifu, mkubalie, halafu muulize leni iko wapi.

Mkataba wa Kilimani uliisha. Soja aliniambia nisipotee. Sasa naandika kutoka nyumbani na kwenda kwa wateja ninapoitwa, Westlands leo, South B kesho. Mama bado hapendi. Ila juzi aliniuliza kama ile taa ya nyuma inatumia betri au chaji, na nikaona hilo ni swali la mtu anayejua nitaendelea.

Naandika haya vuli ikiwa imechacha. Mtaro wa Outering umefurika na kesho nina mkutano Hurlingham saa tatu. Nitapanda mathree. Keshokutwa nitaangalia barabara imekauka kiasi gani.