Kutoka Eldoret hadi Pango la Kitum
Familia zitakazofika Eldoret likizo hii zisirejee pwani bila ya kupitia Kitale na kuufikia Mlima Elgon. Katika mbuga yake, iliyotangazwa mwaka 1968, limo pango la Kitum. Humo tembo huingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakachimba ukutani kwa pembe zao mawe yenye chumvi. Na watoto wao huwafuata mama gizani.

Lakini pango hilo lina hatari. Mwaka 1980, kisha 1987, mgeni aliyelizuru alifariki kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake hubebwa na popo. Basi, enyi wazazi, watoto watazame kutoka nje. Uwezo wa Mola huonekana hata kwa asiyeingia.